Sahani ya Jumatano

Jumatatu, 14 Mei 1951

Shule imefunguliwa, na mvua nayo ikajifungulia. Tangu asubuhi mabati yanapigwa, hata sauti yangu, ambayo chuoni walisema ingefaa kuitia ng'ombe, haikufika benchi ya nyuma.

Nimepewa darasa la pili katika shule hii ya shamba, maili tisa kutoka Kitale. Watoto wote ni wa wafanyakazi wa Bwana mwenye shamba, na shamba lina laini mbili za nyumba. Laini ya juu ni watu wa Mlima Elgon, wachungaji wa ng'ombe wa maziwa. Laini ya chini ni sisi Wabukusu, wakata miti na walimaji. Darasani ni vivyo hivyo: wa juu wamekaa kulia, wa chini wamekaa kushoto, na katikati kuna pengo la kupita ng'ombe na ndama wake. Chuoni tulifundishwa kwamba darasa ni familia moja. Mimi Rispah Nakhungu, binti wa mzee wa kanisa wa Misikhu, nimeapa kuliziba pengo hilo kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

Nilimweleza mwalimu mkuu, Mwalimu Absalom. Huyu ametoka Maragoli, amezeekea ndani ya koti moja, na hukohoa kabla ya kila neno kama mtu anayebisha hodi.

"Dada, pole pole," akasema. "Hii watoto iko na kwao."

"Kwao ni nyumbani, Mwalimu. Hapa ni shule."

Akakohoa tena, akaenda zake.

Jumatano, 16 Mei

Nimewachanganya. Kila benchi mtoto wa juu na wa chini, sileti moja kwa wawili. Walilia, walinuna, mmoja alikwenda kujificha chooni. Barasa, kijana wa laini ya chini mwenye mdomo, alisimama akasema, "Mwalimu, kukhu, bibi yangu, alisema ati ukikaa na mtu ya mlima, unasahau kukula ugali." Darasa likacheka, na mimi nikataka kucheka, lakini nikajizuia.

Hapo hapo nikawatungia sheria. Kila asubuhi wanaosha miguu mlangoni kwenye karai. Nikawaambia mambo ya nyumbani nayo ni matope, yabaki pale pale. Nikisema, "Mambo ya nyumbani," wao wanaitikia, "Yabaki mlangoni!" Waliipenda kuliko nyimbo zote nilizowaletea. Waliondoka wakiiimba njia nzima.

Benchi moja tu haikunipa taabu. Nasambu, binti wa Wabwile mkata miti, ni mwembamba na mkimya, haulizi na hajibu ila ameitwa. Chelimo, binti wa Kimaiyo wa laini ya juu, anasema kwa niaba ya wote wawili. Nilipowaweka pamoja walitazamana wakaficha tabasamu. Chanda na pete! Nikasema heri, hawa wamenipunguzia kazi.

Ijumaa, 25 Mei

Leo tumeanza Tendo Jema. Kila Ijumaa mtoto anasimama na kusema jema aliloona mwenzake akitenda. Kimutai, wa laini ya juu, aliona Barasa akimsaidia kuku kutoka shimoni. Barasa akasema kuku alikuwa wake. Tumehesabu kuku kuwa ndiye aliyetendewa wema, tukaendelea.

Chelimo akasema Nasambu alimtoa mwiba mguuni na hakutumia pini, alitumia meno. Watoto wakafanya "yuu!" Nami pia nilifanya kidogo.

Jumatatu, 4 Juni

Mvua. Watoto kumi na mmoja tu. Hesabu.

Jumatano, 6 Juni

Leo nimeanza jambo ninalolipenda kuliko yote. Nilikopa sahani za bati kanisani. Kila Jumatano wawili wa benchi moja wanachanganya chakula chao kwenye sahani moja na kula pamoja. Mkono ukishakutana na mkono kwenye sahani, huo moyo utakwenda wapi? Barasa na Kimutai waligombania kiazi, kiazi kikaanguka, mbwa wa Mwalimu Absalom akakila, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nimefurahi leo kuliko siku niliyopata cheti.

Nasambu hakula. Aliumwa na tumbo.

Jumatano, 13 Juni

Sahani tena. Nasambu na Chelimo walikuwa wamekwenda kisimani kuchota maji ya darasa. Walirudi na debe moja, fimbo moja begani kwa wawili, wakati wenzao wameshamaliza.

Jumapili, 17 Juni

Kanisani, kisha kufua. Nguo haikauki. Mahindi ya Bwana yamefika kiunoni, na magugu yamefika pale pale.

Jumatano, 20 Juni

Leo Chelimo amesahau chakula. Nikamwambia Nasambu amgawie. Akainamisha kichwa kama hasikii. Baadaye niliwaona wamekaa nyuma ya darasa, kila mmoja na jani lake la mgomba na chakula chake, mgongo kwa mgongo. Kumbe Chelimo hakusahau kitu. Walinidanganya wote wawili.

Nimelifikiri jambo hili jioni nzima. Wanacheza pamoja, wanajifunika gunia moja mvua ikinyesha, wanabeba debe moja. Ila chakula hapana. Nami nimeelewa: kucheza unaweza kucheza na yeyote, hata na mbwa, lakini huli na mtu unayemdharau. Na anayekataa ni Nasambu, mtoto wa kwetu, binti wa watu wanaoketi benchi ya mbele kanisani. Sisi tuliotangulia kusoma tunajiona. Nimeona haya kwa ajili ya kabila langu.

Ijumaa, 29 Juni

Habari: Memsahib mkaguzi wa shule atakuja tarehe 18 Julai, siku ya Jumatano. Atataka kuiona sahani, maana Kitale wameisikia. Mwalimu Absalom amechomeka kifungo cha pili cha koti, nadhani kwa mazoezi.

Jumatano, 4 Julai

Nimeandika kurasa mbili usiku huu na kuzichana, maana zilikuwa za kujisifu. Naandika upya, bado nina hasira.

Leo niliwazuia Nasambu na Chelimo wasitoke. Nilitaka mkaguzi akija asikute benchi hata moja inayonitia aibu. Nasambu alikuwa na viazi vitamu, Chelimo mahindi ya kuchemsha. Nilivichukua vyote nikavimimina kwenye sahani, na walipobaki wanaitazama tu, nikaviponda pamoja kwa mkono wangu mwenyewe, pasiwe na changu wala chako.

"Kuleni."

Chelimo, mwenye maneno ya watu wawili, hakuwa na hata moja. Nasambu ndiye aliyesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akianza kusema bila kuulizwa.

"Mwalimu, mimi na Chelimo, iko mambo ya nyumbani..."

"Yabaki mlangoni!" darasa zima likaitikia, kwa furaha, bila mimi kufungua kinywa.

Nilitabasamu. Somo limeingia, nikajisemea. Nikamwambia Nasambu akae, na kwamba hakuna atakayetoka mpaka niione sahani hiyo tupu.

Akaitazama sahani, akamtazama Chelimo. Kisha akaivuta yote upande wake akaanza kula. Alikula kwa mikono miwili, upesi upesi, mashavu yamejaa, machozi yanamtoka kwa kukabwa. Chelimo alipopeleka mkono, Nasambu aliupiga kofi akaendelea. Sahani ikawa tupu kweli. Chelimo hakupata hata punje.

Sijawahi kuona uchoyo wa namna ile katika mtoto. Nilimpa viboko vinne kwenye mkono ule ule uliompiga mwenzake. Hakulia. Nikaligeukia darasa nikauliza, "Mtu wa namna hii anaitwaje?"

"Mlafi!"

"Mrafi! Mrafi!" wakapokezana, wengine kwa l na wengine kwa r, ndivyo tulivyo. Niliwaacha waseme mpaka nikaridhika. Chelimo alikuwa analia, nikadhani ni njaa, nikampa mkate wangu. Hakuula. Aliushika tu.

Samaki mkunje angali mbichi. Ndivyo nilivyomwambia Mwalimu Absalom jioni. Akaenda zake bila kukohoa.

Alhamisi, 5 Julai

Nasambu hayupo. Amenuna.

Ijumaa, 6 Julai

Hayupo. Kwenye Tendo Jema Chelimo alinyosha kidole, nilipomwita akasema amesahau.

Jumatatu, 9 Julai

Mvua ya mawe. Mahindi ya laini ya chini yamechanika majani. Nasambu hayupo. Barasa anasema ana homa na kwamba watu wanakwenda kumwangalia. Nilishangaa watu wazima kwenda kumwangalia mtoto mwenye homa. Msimu huu nani hana homa?

Jumatano, 11 Julai

Mungu wangu.

Sahani ilipofika, nilimweka Chelimo na Barasa. Nilitazamia ugomvi. Akala naye vizuri tu, mkono wake na wa Barasa sahani moja, wa juu na wa chini. Nikabaki kumtazama. Basi hana kinyongo na watu wetu. Darasa lilipotoka nikamwita.

"Chelimo, na Barasa umekula. Mbona kwa Nasambu mlinisumbua hivyo?"

Akaangalia miguu yake. "Mwalimu, ni mambo ya nyumbani."

"Sema."

"Niende mlangoni?"

Sikumwelewa. Akatoka, akavuka kizingiti, akasimama nje kwenye matope karibu na karai la kuoshea miguu. Manyunyu yalikuwa yanamwangukia kichwani. Pale ndipo aliposemea, mikono nyuma, kama anayesoma shairi mbele ya wageni.

"Baba ya Nasambu alikata mti, mwezi ya kwanza. Mti ikaangukia kaka yangu Rotich. Akakufa. Si kwa ubaya, baba yangu alisema si kwa ubaya. Lakini damu iko katikati ya nyumba yetu na yao. Hatukuli sahani moja. Tukikula, tunavimba, tunakufa. Wazee wa juu na wazee wa chini walisema tungoje mahindi mpya, ndio watatutakasa. Saa hiyo tutakula."

"Na Nasambu..."

"Wewe ulisema sahani iishe. Nasambu akamaliza yote ndio mimi nisikule. Nilitaka kusaidia akanipiga mkono." Akajifuta mvua usoni. Kisha akaniuliza swali alilokuwa nalo wiki nzima. "Mwalimu, atakufa?"

Nilimwambia aingie ndani, atalowa. Hakuingia mpaka nilipomwambia mara ya pili.

Jumatano hiyo hiyo, usiku

Silali. Wala siwezi kujifariji kwamba sikujua, maana nilijua. Misikhu kulikuwa na nyumba mbili karibu na yetu ambazo hazikula chombo kimoja mpaka kondoo alipochinjwa, na bibi yangu alinishika mkono nisipokee ndizi ya huku nikapeleka kule. Hakuna Mbukusu asiyejua, na watu wa mlimani wanaishika sheria hiyo hiyo. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nilichosahau ni kuuliza, na zaidi ya hapo niliwafundisha watoto thelathini na wanane kumziba mdomo atakayejaribu kuniambia.

Tena jinsi nilivyosoma vibaya yote niliyoyaona! Mwiba uliotolewa kwa meno, gunia moja, debe moja, mgongo kwa mgongo. Wale watoto walikuwa wamejitafutia namna ya kupendana na damu iko katikati. Walikula karibu kadiri sheria ilivyowaruhusu, na mimi nikaita dharau.

Mkono niliouchapa ni ule uliomwokoa mwenzake.

Alhamisi, 12 Julai

Nilimuuliza Mwalimu Absalom kama alijua. Alikohoa muda mrefu.

"Nilijua iko damu. Shamba yote inajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mtu ya hapa, mimi ni wa Maragoli. Nilisema, huyu si anajua kuliko mimi." Akafunga kitabu cha mahudhurio. "Halafu, Dada, wewe ukisema, mtu anaona afadhali anyamaze."

Hakusema kwa ubaya. Nilitamani angesema kwa ubaya, nikapata wa kumkasirikia.

Jumamosi, 14 Julai

Nimekwenda kwao Nasambu. Nilizunguka laini ya chini mara mbili kabla ya kupiga hodi.

Mama yake, Mama Lenah, alinitandikia gunia safi, akanipa chai yenye sukari ya wiki nzima. Nilimsalimu kwa Kibukusu, yeye akanijibu kwa Kiswahili. Nikarudia Kibukusu, akarudia Kiswahili. Mwalimu hasemeshwi lugha ya jikoni. Aliniweka mbali kwa heshima, na hapakuwa na mahali pa kupenya.

Nasambu amelala kwenye ngozi, macho mekundu, midomo imekauka. Mtoa dawa wa shamba amempa vidonge vichungu na kusema ni malaria. Mimi nami naamini ni malaria. Lakini ningemwambia nini mama yule? Kwamba mimi nimemchanganyia mwanawe chakula cha damu, lakini asijali, ni mbu?

Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Nikasema kosa ni langu.

"Hapana, Mwalimu," akasema, anapepea moto. "Kosa ni yangu. Mimi ndio nilimwambia huyu mtoto, kitu yote Mwalimu anasema, ufanye. Usiulize. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza."

Hakuinua macho. Nilimalizia chai kwa sababu kuiacha kungekuwa tusi jingine. Kutoka pale mpaka chumbani kwangu nililia wazi wazi, na mvua ikanisitiri.

Jumapili, 15 Julai

Sikwenda kanisani. Niliwaambia nina homa. Uongo.

Jumatano, 18 Julai

Memsahib mkaguzi alikuja na gari lenye matope mpaka kwenye vioo. Watoto waliimba, wakaonyesha Tendo Jema, wakala sahani. Barasa akamgawia Kimutai kiazi kwa adabu ambayo haijawahi kuonekana tangu azaliwe. Memsahib alitoa leso akajifuta jicho.

Akaona nafasi benchi ya tatu. "Na huyu yuko wapi?"

"Mgonjwa," nikasema.

Hilo ndilo neno pekee nililolisema juu ya Nasambu. Chelimo alikuwa amekaa hapo hapo, ananitazama. Memsahib akasema mbele ya darasa lote kwamba hajaona mwalimu anayefundisha upendo kama mimi katika Trans-Nzoia nzima, na kwamba Septemba nitawafundisha walimu wengine mjini Kitale. Watoto wakapiga makofi. Niliinama nikashukuru. Naandika hapa kwa mkono wangu: niliinama nikashukuru.

Jumatatu, 23 Julai

Homa ya Nasambu imeshuka. Anakunywa uji. Chelimo alikuja mbio kuniambia kabla ya kengele, kisha akakumbuka kwamba ananiogopa, akatembea.

Alhamisi, 26 Julai

Wazee wa laini zote mbili wameamua wasingoje mahindi mapya. Hatari imeshaingia, wanasema, chakula kimeshachanganywa. Watatakasana Jumamosi, kwa unga wa mwaka jana. Mzee mmoja wa laini ya juu alikuja shuleni na fimbo yake. Akaniambia mbele ya Mwalimu Absalom, "Ile mkono ilichanganya, ikuje."

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Habari ikifika Misikhu kwamba nilisimama kwenye damu ya kondoo, nitasimamishwa ushirika. Nilimuuliza Mwalimu Absalom nifanye nini.

"Nasambu aliogopa kufa, akakula," akasema. "Wewe unaogopa mchungaji."

Jumamosi, 28 Julai

Nimekwenda.

Sitaandika yote, si yangu. Kondoo alikuwa mweupe. Wabwile, mtu mkubwa wa shoka, na Kimaiyo walisimama wakitazamana. Mzee akauliza ni nani aliyechanganya. Nikatoka kwenye kundi la wanawake nikasema ni mimi. Niliupeleka mkono wangu, wakaupaka, wakanena maneno kwa lugha mbili, ya juu na ya chini. Hakuna aliyenikaripia. Watu walinipisha njia kama wanavyompisha mgonjwa.

Kisha Wabwile akamega ugali akamlisha Kimaiyo, na Kimaiyo akammegea Wabwile. Mama yake Rotich alitoa sauti moja tu, fupi, akaziba mdomo kwa kitambaa. Mwaka huu ulipoanza mtoto wake alikuwa hai, anachunga ng'ombe. Mimi katika masikitiko yangu yote sikuwa nimemfikiria hata siku moja yule kijana wala mama yake. Nilikuwa nimejifikiria mimi.

Jumatatu, 6 Agosti

Nasambu amerudi. Amekonda, shingo imekuwa ndefu. Alipoingia, mtu wa nyuma akanong'ona, "Mrafi," wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Ni jina lake sasa. Mimi ndiye niliyembatiza.

Usiku kucha nilikuwa nimetayarisha maneno. Mwalimu hamwombi mtoto msamaha, sijapata kuona wala kusikia. Nikasimama mbele ya darasa nikasema kwamba tarehe 4 Julai nilimchapa Nasambu bila kosa. Kwamba hakuwa mlafi. Kwamba alikula ile sahani ili kumwokoa rafiki yake, na katika shule hii hajatokea aliyetenda tendo jema kushinda lile, na aliyetenda baya kushinda wote ni mimi. Nikasema sheria ya mlangoni imekwisha, mwenye neno la nyumbani aingie nalo. Wengine walifungua midomo. Barasa alitazama dirishani kuona kama kuna mtu mzima anayesikia.

Nikaenda mpaka benchi ya tatu. Nikainama, uso wangu ukawa sawa na wake.

"Nasambu, unanisamehe?"

Akasimama wima, mikono kando. "Ndiyo, Mwalimu."

Upesi, bila kufikiri. Angesema nini kingine? Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Ningemwambia ale sahani nyingine angesema ndiyo, Mwalimu. Ningemwambia apande juu ya paa angesema ndiyo, Mwalimu. Nilikuwa nimekuja kuomba kitu, na kumbe nilikuwa nimeamuru tena.

Nikamwambia akae. Akakaa.

Ijumaa, 10 Agosti

Wamefanya Tendo Jema. Hakuna aliyenitaja, na ni sawa. Hilo jina la Mrafi bado nalisikia njiani. Nimewakataza, wakalihamishia mbali na masikio yangu.

Nilimwambia Mwalimu Absalom amtafute mwingine wa kwenda Kitale Septemba. Akakohoa.

"Enda wewe. Waambie ile Memsahib hakuona."

Sijui kama nitaweza.

Jumanne, 14 Agosti

Mahindi yametoa mbelewele. Mwalimu Absalom amelala, kifua. Nilifundisha madarasa mawili.

Ijumaa, 17 Agosti

Tumefunga shule. Watoto wamekwenda, nimefagia, nimerudisha sahani za kanisa, zote isipokuwa moja. Nilidhani imeibiwa.

Kufika jioni nilishuka kwa njia ya kisimani kurudi chumbani. Kabla ya kona nikasikia kicheko. Ni Nasambu. Muhula mzima sijawahi kumsikia akicheka, ni kicheko kinene, cha mtu mzima, kinamkwama puani. Nikachungulia kwenye majani. Wamekaa kwenye jiwe, yeye na Chelimo, magoti yamegusana, sahani ya kanisa iko katikati, ina viazi na maharagwe. Chelimo alikuwa anamwigiza mtu, ameshika kiuno, kidole juu. Ilinichukua muda kutambua kwamba mtu huyo ni mimi.

Nilitamani kwenda. Nilitaka waniambie kaa, Mwalimu, onja kidogo. Nilitaka hivyo mpaka nikapiga hatua moja. Lakini najua ambacho kingetokea: wangesimama, mikono kando, sahani ingeachwa kwenye jiwe, na kicheko kile kingekufa. Wangenikaribisha kwa sababu ni lazima.

Nikarudi nyuma polepole, nisikanyage kijiti. Nikapitia katikati ya mahindi ya Bwana, ambako hakuna njia, nikalowa mpaka kifuani, ili wamalize kula.